Picha ya Kusimama

Watu humsifu mdogo wangu wa kiume kwa upole, na mimi nimechoka kusikia sifa hizo. Kazini wamempachika jina la Taratibu, kwa sababu hata moshi ukitoka kwenye mashine yeye husema, "Taratibu tu, jamani." Wanacheka, wanampenda. Mimi ndiye dada yake, nimemlea mgongoni, na ninawaambia hivi: anapokuwa mpole yeye, ugomvi wote unabaki kwangu.

Tunaishi pamoja, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo wakiingia watu wawili lazima mmoja atoke. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenileta nchi hii miaka ishirini na mbili iliyopita. Mdogo wangu alinifuata baadaye, niliposikia hospitali kubwa inatafuta watu wa kufua. Nilimwambia, fanya miezi sita, uzoee mji, utapata kitu kingine. Huu mwaka wa kumi na moja, yuko pale pale.

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha hata la kuchungulia paka. Mashuka yanateremka kwenye magunia. Gunia jekundu hulifungui, unalitupa kwenye mashine kama lilivyo, na huulizi kuna nini. Yakishafuliwa yanapelekwa kwenye roli, mashine ndefu ya kupigia pasi yenye joto la kubabua kope. Sasa shuka haliingizwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe za kushoto, mwingine za kulia, mnalinyoosha pamoja, mnaliachia pamoja. Mmoja akiwahi, shuka linaingia kombo, mashine inasimama, na msimamizi anakuja kuwatukania wazazi. Kwa hiyo mnatazamana. Zamu nzima, mashuka mia nane, kazi yenu ni kutazamana.

Aliyekuwa akishika pembe za upande wa pili walimwita Mrefu. Mwanamke wa watu, mgeni kama sisi, lakini wa nchi nyingine kabisa, dini nyingine, na lugha ambayo mdogo wangu, baada ya miaka yote hiyo, anajua maneno kama ishirini hivi, nusu yake matusi. Walizungumza kwa lugha ya mji huu, wote wawili wakiivunjavunja, na wakikwama walimalizia kwa mikono.

Mimi niligundua kwa sababu ya shati. Mdogo wangu alianza kupiga pasi shati la kwendea kazini. Hebu fikiria, mtu anapiga pasi shati la kwenda kupigia pasi! Nikamuuliza, "Anaitwa nani?" Akatumbua macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Basi Mrefu akaanza kuja Jumapili. Siku ya kwanza hakukaa kitini hata dakika tano. Alisikia bomba la jikoni likidondosha maji, akaniomba spana, akapiga magoti, na bomba lililonitesa miaka miwili likanyamaza. Alikuwa na kicheko cha kuamsha mtaa. Alikula chochote nilichopika, akaosha vyombo bila kuambiwa, na alipomtazama mdogo wangu, nilikuwa naona aibu, natoka jikoni. Nasema wazi, nilimpenda. Nilimpenda kuliko nilivyotaka, maana nilijua mama hajui.

Mama alipiga simu kila Jumapili alasiri. Simu ikilia, Mrefu anaweka kiganja mdomoni, anakaa pale pale mezani kimya, na mdogo wangu anamwambia mama, "Niko na dada tu." Mwaka wa kwanza Mrefu hakuelewa maneno hayo. Mwaka wa sita alikuwa ameshayajua vizuri sana. Alimuuliza mara nyingi, mimi nikiwapo, "Mama yako utamwambia lini?" Na yeye, unajua alijibu nini. Taratibu.

Nikuelezeni sasa desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo hamtaelewa tulivyojitia kitanzi wenyewe. Kwetu vijana wengi wa kiume wamekwenda mbali kutafuta, na wazee waliona wasipokuwa macho watapoteza ukoo. Wakaweka utaratibu. Mwanamume aliye mbali akiwa tayari kuoa, hasemi. Kusema ni utovu wa adabu. Anatuma picha moja tu: amesimama, peke yake, kichwa mpaka viatu. Picha ikifika, mshenga anaibeba anakwenda kuposa, na hakuna tena cha kumuuliza mwenyewe. Siku ya ndoa mjomba anasimama badala yake, bibi harusi anapandishwa ndege. Ndiyo maana picha za wanaume wa kwetu walio mbali zote zinaishia kiunoni, au wamekaa, au wamekumbatiana na jamaa wanne, au wanatafuna. Hakuna mjinga anayejipiga mzima mzima bila kukusudia.

Mimi mwenyewe niliolewa kwa picha hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifika na sanduku langu, na kitu cha kwanza nilichokiona juu ya kabati la mume wangu ni kitana, kina nywele ndefu ambazo si zake. Sikuuliza, naye hakusema. Yule mwanamke hakurudi tena. Mume wangu alinitunza vizuri, hakunipiga, hakuninyima kitu. Lakini kulikuwa na siku alikuwa anakaa kwenye kiti chake, anatazama ukuta, nami najua kabisa hayupo na mimi. Nilimzoea, akanizoea, akafa. Ndiyo ndoa yangu hiyo.

Turudi kwa huyu wangu. Mwaka jana hospitali iliwapa vyeti wafanyakazi waliotimiza miaka kumi. Taratibu akaazima koti kwa jirani, akapendeza, haki ya Mungu. Nje ya ukumbi mtu akawapiga picha, yeye na Mrefu, wamesimama, Mrefu amemshika mkono juu ya kiwiko. Picha nzuri. Wiki hiyo hiyo mama akawa analalamika: mbona umekonda, mbona siku hizi sikuoni, nitumie picha nifurahi. Na mdogo wangu, badala ya kumpiga mama chenga kama siku zote, akachukua ile picha, akamkata Mrefu kwa kidole gumba, akatuma kilichobaki.

Kilichobaki ni nini? Mwanamume, amesimama, peke yake, kichwa mpaka viatu.

Angeacha picha ilivyo, ya watu wawili, isingekuwa na maana yoyote kwa wazee zaidi ya maswali. Alipomficha yule ndipo alipojiposea. Nilipomuuliza alikuwa anafikiria nini, akasema alisahau. Alisahau! Desturi ambayo imemfanya apigwe picha akiwa amechuchumaa miaka kumi! Mimi nadhani hakusahau. Nadhani alikuwa anamwogopa mama kuliko alivyoiogopa desturi, na hofu haimwachii mtu nafasi ya kufikiri mara mbili.

Siku tisa tu. Siku ya kumi mama akapiga, analia kwa furaha. Mjomba, ndiye mshenga wetu, ameshaisafisha picha, kaikuza, kaibeba kwenye bahasha hadi kwa jirani yetu wa zamani, yule mwenye binti fundi wa kushona nguo, miaka ishirini na tisa, mpole, mchapakazi. Posa imepokelewa. Ndoa mwisho wa mwezi ujao. "Mwanangu umenifuta machozi," mama akasema. "Sasa hata nikifa leo, nakufa nimetulia."

Mdogo wangu akajibu, "Sawa, mama."

Nilisubiri akate simu. "Sawa, mama?" nikamwambia. "Sawa nini? Mpigie sasa hivi umwambie!"

"Presha ya mama, dada."

"Presha ya mama ina miaka thelathini! Imeshawazika madaktari watatu, yeye yupo!"

"Taratibu, dada. Nitatafuta namna."

Nikapiga sahani kwenye sinki mpaka ikapasuka. Namna gani inayotafutwa na mtu aliyekaa kitini?

Mrefu alijua baada ya wiki, maana ukimtazama mtu mashuka mia nane kwa siku, hawezi kukuficha kitu. Mdogo wangu alimwambia yote pale pale kwenye roli. Jumapili Mrefu akaja kwetu, hakucheka, hakuvua hata koti. Akasema maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu: "Mimi sitaki harusi. Sitaki mama yako anipende. Nataka umwambie kwamba niko. Neno moja. Ukimwambia hivyo, akatukana, akalia, tutakuwa pamoja. Usipomwambia, mimi nakwenda." Taratibu akamshika mkono, akasema atamwambia. Jumapili hiyo mama alipopiga, alizungumza naye habari za vitambaa vya harusi. Mrefu alikuwa ameshaondoka. Alinusurika kuyasikia.

Wiki mbili kabla ya ndoa, mchana, niko kwenye mapumziko kazini kwangu, simu ikalia. Namba ya kwetu, sauti nisiyoijua.

"Shikamoo, dada. Mimi ni yule fundi cherehani. Mchumba wa kaka."

Nikamwitikia, nikamuuliza habari za wazazi. Wazima wote. Halafu akasema, "Dada, nina swali, na nakuomba usinielewe vibaya. Kazi yangu ni nguo. Nikiona mtu, macho yangu yanakwenda kwenye mabega na mikono ya nguo kabla sijamtazama usoni. Koti la kaka limevutwa hapa juu ya kiwiko. Nikashangaa, mbona limekunjika upande mmoja? Nikaikuza picha. Kuna vidole vinne, dada. Ni vya nani?"

Mjomba kaitazama picha ile, mama kaitazama, baba wa binti kaitazama, ukoo mzima umeipitisha mkono kwa mkono, na hakuna aliyeona kitu.

"Ni vyangu," nikasema. Lilitoka lenyewe, hata kabla sijafikiri.

"Ahaa," akasema, na nikasikia anashusha pumzi. "Asante, dada. Nilikuwa silali. Asante sana, na samahani kwa kukusumbua."

Angenitilia shaka ningekuwa na amani. Lakini alinishukuru. Nikarudi kazini, nikawa nakosea kila kitu, naona tu sanduku langu la miaka ishirini na mbili iliyopita na kile kitana juu ya kabati. Mimi hakuna aliyeniambia. Kulikuwa na dada wa mume wangu, wifi yangu, alijua kila kitu, akavaa miwani ya mbao. Nilimchukia mpaka alipokufa, na sasa mimi ndiye yeye. Nikatoka nje, nikampigia.

"Vile vidole si vyangu," nikamwambia.

Nikasikia cherehani za wenzake zikienda nyuma yake.

"Anampenda?"

"Miaka sita."

"Sasa kwa nini alinitumia picha?"

"Hakukutumia wewe. Alimtumia mama yake."

"Kwa hiyo mimi nimeposwa na nani, dada?"



Binti yule alikuwa na utu kutuzidi wote. Alimwambia baba yake kwamba amebadili nia, hataki kuishi mbali, basi. Hakutaja vidole, hakunitaja mimi. Alitukanwa, akaitwa kigeugeu, na mjomba akapiga simu akafoka nusu saa kwamba ameaibishwa mbele za watu na hatabeba tena bahasha ya mtu yeyote. Mama alilia kidogo, akasema huenda haikuwa riziki.

Nilimweleza mdogo wangu nilichofanya. Alinikumbatia, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili akamaliza chakula. Aliimba bafuni! Kesho yake alitoka na lile shati lake la pasi, mwepesi, ameshushiwa mzigo. Hata mimi nilijidanganya. Nilikwenda sokoni, nikapika kingi, nikijua Mrefu atakuja.

Alirudi peke yake. Alikaa kitini bila kuvua viatu.

Walipopata mapumziko ya chai alimwambia habari njema, ndoa imevunjika. Mrefu akamuuliza, "Umemwambiaje mama yako?" Akamjibu, "Sikuhitaji kusema kitu, imekwisha yenyewe. Dada alizungumza na binti." Mrefu akauliza tena, "Kwa hiyo bado hajui kwamba niko?" Na huyu mwenzenu, huyu mpole wenu, akasema, "Sasa hakuna haja ya kumsumbua tena."

Loo! Nilitamani nimzabe kibao, mtu mzima mwenye mvi.

Mrefu alikwenda kwa msimamizi, akaomba ahamishiwe kwenye kukunja nguo za madaktari, chumba cha pili, zamu tofauti. Nilimfuata siku iliyofuata, nikamsubiri kwenye lango la wafanyakazi mpaka miguu ikafa ganzi. Alinikumbatia vizuri, bila kinyongo. Nilimsihi. Nilimwambia anakupenda huyu, hana mwingine, ni mdomo tu mzito.

"Najua ananipenda," akasema. "Wewe umesema kwa ajili yangu. Yule binti naye amesema, na hajawahi hata kuniona. Yeye hakusema. Nina miaka arobaini na tatu, dada, na nimechoka kukaa mezani na mkono mdomoni."

Nikamwita wifi. Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo. Nilimweleza maana yake, akatabasamu, akanitengenezea kola ya koti langu, akaenda kupanda basi.

Mwezi ukapita. Nyumbani tulikuwa tunazungumza habari za umeme na mkate. Sikuwa na hasira tena, hasira nayo inataka nguvu. Nikifikiri sana naona nami nina fungu langu: nilimfungulia mlango ambao alitakiwa aupige teke mwenyewe, akapita bila hata kuchubuka, na yule mwanamke aliona.

Jumapili moja mama akapiga. Mdogo wangu akaweka simu mezani, sauti kubwa, kama kawaida, kwa kuwa sikio lake moja limeharibiwa na mashine. Mama alizungumza habari za mvua, za mjomba, halafu akasema amesikia kuna binti mwingine, mwalimu, je, wamtazame?

Taratibu aliisogeza simu karibu yake, mama akaita, "Haloo? Haloo?"

"Mama," akasema, "kuna mwanamke. Miaka sita sasa. Si wa kwetu, si wa dini yetu, lugha yetu haijui. Kwenye ile picha alikuwapo. Mimi ndiye niliyemkata."

Nilishika meza. Nilingoja kelele, nilingoja presha, nilingoja mtu apokonye simu atuambie mama ameanguka. Tulisikia tu redio ya kwake ikizimwa.

"Miaka sita," mama akasema. "Na dada yako anajua?"

"Anajua, mama."

"Mmenifanya mimi mtu gani, nyinyi?" Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Ningelia, ndiyo. Ningelia wiki nzima, na mjomba wenu angetukana mpaka akauke mate. Halafu ningeuliza anakula nini, wazazi wake wazima, nimwite nani. Mlidhani nitakufa? Mimi nimezika watoto watatu, mwanangu. Nife kwa ajili ya mkwe?"

Mdogo wangu alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi.

"Haya, mpe simu nimsalimie," mama akasema. "Hata kama hanielewi, wewe utamtafsiria."

Akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini. Safari hii sikumsaidia.

"Hayupo, mama."

"Basi akirudi mwambie nimemsalimia sana."

"Haya, mama," mdogo wangu akasema. "Nitamwambia."